Vitabu 52 ni hesabu ya nani?

Tarehe 1 Januari kwetu Tanga si mwaka mpya tu. Ndiyo siku aliyozaliwa Shaaban Robert, pale Vibambani, mwaka 1909. Basi kutaja vitabu siku hiyo hakuhitaji kisingizio, na ndiyo siku watu hutangaza kwenye status kwamba mwaka huu ni vitabu 52, kila wiki kimoja. Baada ya miezi miwili hakuna anayethubutu kuwauliza wamefika cha ngapi.

Si uvivu. Hiyo 52 ni idadi ya wiki tu, haijui kasi ya msomaji wala unene wa kitabu. Lengo linalodumu huanzia chini: kwanza dakika, halafu kurasa, na vitabu mwisho kabisa.

Kwa hiyo jipime kabla ya kuahidi. Chukua riwaya ya Kiswahili usiyowahi kuisoma, tega simu dakika 20, soma kama usomavyo siku zote, kisha hesabu kurasa. Rudia siku tatu, saa ileile unayokusudia kusomea mwaka mzima. Ukijipima Jumapili asubuhi ilhali utakuwa ukisoma saa tatu usiku baada ya kazi, umempima mtu mwingine. Katika vipimo vitatu shika cha katikati, si kile kinachokupendeza.

Majedwali ya mtandaoni ya maneno kwa dakika yaache. Mengi yamepimwa kwa Kiingereza. Neno letu moja, "nisingalimwambia", limebeba nafsi, ukanushi, sharti, mtendwa na kitendo chenyewe. Mwingereza angehitaji maneno sita kusema hayo. Ukijilinganisha na jedwali lake utajiona mzito bure.

Tuseme umepata kurasa 12 kwa dakika 20. Ukitenga dakika 25 kwa siku, ni kurasa 15. Hesabu siku tano kwa wiki, si saba. Mbili ziachie harusi, misiba na umeme kukatika. Hizo ni kurasa 75. Katika wiki 52 toa nne za Ramadhani kwa anayefunga, maana usiku unahamia kwenye tarawehe na daku, na kinachosomwa zaidi ni Qur'ani. (Tazama kalenda kila mwaka: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11.) Toa mbili za sikukuu na safari, mbili za maradhi na dharura. Zimebaki 44, yaani kurasa 3,300. Sasa kata robo, kwa sababu hakuna mwaka uliowahi kwenda kama ulivyoandikwa: 2,475. Kwa vitabu vya wastani wa kurasa 160, unapata 15 na chenji. Hiyo 15 ndiyo ya kutamka mbele za watu.

Tenzi zina hesabu yake. Ubeti wa utenzi ni vipande vinne vya mizani nane nane, ukurasa una nafasi nyingi nyeupe, jicho linateleza mpaka chini na kichwani hakuna kilichobaki. Hesabu beti, si kurasa: 40 kwa siku, kwa sauti. Kina cha kipande cha nne kinachorudi ubeti hadi ubeti ndicho kinachoshikilia habari, na usipokisikia utasoma mashairi kama orodha ya bei. Utenzi wa beti 600 utachukua siku 15, na hiyo si kuchelewa.

Rekodi iwe daftari dogo lenye tarehe, kitabu, ukurasa wa kuanzia, wa kuishia, dakika. Ijaze kila siku ya kusoma. Anayeandika pale tu anapomaliza kitabu hukwama kwenye kitabu kinene cha kwanza: miezi miwili daftari jeupe, anajiona hajafanya kitu, anahamia vijitabu vya kurasa 60 ili idadi ipande. Kitabu kisichokuingia kiache kikifika ukurasa wa 40, andika sababu kwa sentensi moja, na kurasa ulizosoma zihesabu. Zimesomwa hizo.

Usijikusanyie vitabu 15 kwa mkupuo. Chagua vinne: chepesi, kigumu, cha ushairi, cha kazi yako. Vingine utaazima maktaba ya mkoa. Uliza mapema muda wa kuazima, kisha gawa kurasa kwa siku hizo ujue kama kitabu kinene kitaisha kabla ya tarehe ya kukirudisha. Basi la Dar usiliweke kwenye hesabu. Ukipata kurasa humo ni bahati, na mara nyingi utapata usingizi.

Vyako vya nyumbani vitazame kabla ya masika, Machi mpaka Mei. Kitabu kilichogusa ukuta wa saruji unaovuta unyevu huanza na madoa ya kahawia kwenye kingo, halafu kurasa zinanata. Acha upana wa vidole vitatu kati ya rafu na ukuta, wala usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utabaki humohumo. Kilicholowa kisimamishe wima, kurasa zimepanuka, mbele ya feni. Juani gamba linapinda na gundi ya mgongo inakatika.

Jumamosi ya kwanza ya Machi fungua daftari. Ukikuta wiki nne mfululizo hujafika kurasa 56, ambazo ni zile 75 ukishakata robo, punguza dakika ziwe 15 lakini siku tano zibaki, maana dakika utaziongeza mwezi wa sita kwa urahisi kuliko kurudisha siku ulizozoea kuziruka. Kisha futa ile ahadi ya vitabu 15, andika 9.