Nati zinazolegea kwenye pikipiki

Injini ya piston moja hutikisa kila kitu, na washa ya springi haisaidii sana. Bolti hulegea hasa pale vipande vilivyobanwa vinapoteleza kando kwa kando. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo mwaka 1969. Kwa hiyo kwanza kaza ipasavyo, ndipo ufikirie nati ya kujifunga, yaani inayojizuia yenyewe kulegea.

Kwenye madigadi na keria, nati yenye pete ya nailoni inatosha. Meno mawili ya bolti yatokeze juu ya nailoni, la sivyo pete haijashika kitu. Nati ikizungushika yote kwa vidole, itupe. Bei yake ni nafuu kuliko ya bolti.

Usiipeleke kwenye ekzosi. Nailoni hupoteza nguvu karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Pale weka nati ya chuma kitupu iliyobonyezwa mdomo.

Ekseli yenye nati ya mapengo (iliyokatwa mikato juu) hudai pini ya kukunja, mpya kila mara. Tundu la ekseli lisipolingana na pengo, ongeza kukaza kidogo hadi lilingane, usirudishe nyuma.

Ukitumia nati mbili kwenye bolti moja ili zibanane, nyembamba ndiyo hukaa chini. Mafundi wengi huzigeuza.