Venye tunaishi barabarani tukiongea kuhusu jamii ya hiari

Kabla mtu aniulize naamini nini huwa ananiuliza kwanza, sasa nyinyi mnakula nini? So wacha niandike yote hapa, juu mimi na bwanangu tumekuwa tukizunguka na gari yetu ndogo, Probox, kutoka Nairobi kwa muda sasa, masoko na stage, tukiongea na watu kuhusu jamii ya hiari. Yaani jamii yenye hakuna mtu anafanyiwa kitu kwa nguvu wala kunyang'anywa chake, na mambo ya pamoja yanafanywa na wale wamekubali wenyewe. Si sisi tulianzisha hizi fikra. Auberon Herbert, aliyekuwa mbunge Uingereza miaka ya 1870, alifika mahali akasema hata ushuru utolewe na anayetaka kutoa tu, na mwaka 2009 kuna vijana Marekani walizunguka na motorhome mji hadi mji wakieneza mambo kama hayo. Sisi tuna Probox. Ukilaza viti vya nyuma godoro nyembamba linaingia vizuri, mizigo inahamia mbele, pazia la leso kwa dirisha, basi.

Kulala tunatafuta petrol station zenye hazifungi usiku. Unaingia mapema kabla giza, unaweka mafuta hata kama ni ya mia tano, halafu unaenda kwa soja wa usiku unamsalimia na unamwambia ukweli, boss tunaomba kulala hapa hadi asubuhi, ni mimi na bwanangu. Mara nyingi anakuonyesha mahali chini ya taa na anakuambia choo kiko wapi. Akikataa tunashukuru na tunaenda, hatubishani, ni haki yake.

Pesa sasa. Hatuchukui ya mwanasiasa na hatuna mfadhili. Bwanangu anatengeneza simu, ana blower yake na solder kwa sanduku la chuma, akifungua hapo sokoni kioo na charging system hazikosekani. Mimi nauza nguo za watoto, nazitoa Gikomba asubuhi sana bale zikifunguliwa ndio nipate kamera, zile safi za kwanza. Hiyo biashara ndo inatulisha, na pia ndo inatuingiza kwa watu, juu mama akishachagua suruali ya mtoto na mkaelewana bei, ni rahisi kumwambia, mama umeona venye tumefanya hapa? Ungekataa ningekulazimisha? Hapo maongezi yanaanza yenyewe.

Kuna pia wenye wanatuchangia. Bakuli liko juu ya boneti na hakuna mtu anapita nalo mbele ya watu, hiyo sheria tulijiwekea baada ya mzee mmoja huko Machakos kutuelezea harambee za zamani. Alianza na zile nzuri, venye wazazi miaka ya 60 na 70 walichanga wakajenga sekondari nyingi sana za nchi hii, watu wakibeba mawe na mchanga wenyewe, na kwao Ukambani walikuwa na mwethya hata kabla ya hiyo, leo tunalima kwako kesho kwangu. Halafu akanyamaza kidogo akasema, lakini mwanangu, ilifika mahali watu wa chifu wakaja wakachukua kuku wa mama juu hakuwa na pesa ya harambee. Kuku alikuwa amelalia mayai. Miaka yote hiyo na bado anakumbuka mayai yalipoa, na sauti yake ikabadilika akisema hivyo. Mimi nimesoma maelezo mengi kuhusu hiari na sijapata yenye inashinda hiyo. Mchango ni ule ule, jina ni lile lile, lakini siku huwezi kusema hapana umekuwa kitu kingine kabisa.

Ndio maana kule Githurai tulirudisha pesa. Tulikuwa tumeongea na watu wa boda, wakatupenda, chairman wao akasimama akasema kila mtu atoe mia ya mafuta ya hawa wageni, na akaanza kuangalia nani hajatoa. Bwanangu akamwambia kwa heshima, chairman asante sana lakini hii hatuwezi kupokea, kuna wenye wametoa juu unawaangalia. Alikasirika kweli kweli, aliona tumemuaibisha mbele ya vijana wake. Tukarudishia kila mtu mia yake mkononi, tukaacha bakuli kwa boneti tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kulikuwa na kitu, kidogo kuliko ile ya kwanza, na hiyo ndo tulienda nayo. Vijana wawili walitufuata hadi kwa gari wakitaka kuongea zaidi.

Mambo ya polisi. Katiba kifungu cha 37 inakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na sheria ya Public Order inataka upeleke notisi kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Ni notisi, si kuomba ruhusa, na wengine huko stesheni hujifanya hawajui hiyo tofauti. Kama tunatumia spika na maiki napeleka barua nakala mbili, moja inabaki, yangu inapigwa muhuri. Wenzetu wengine wananilaumu ati nanyenyekea. Mimi nasema teargas haitanipata mimi peke yangu, itampata mama wa mboga hapo kando mwenye hakukubali hiyo vita. Kama hatuna spika, tunakaa tu tunaongea.

Mahali napenda sana ni Jeevanjee hapa tao, watu wa Bunge la Mwananchi, wale raia wa kawaida hukutana hapo kujadili siasa, wanajua kubishana bila kurushiana ngumi, na hiyo bustani yenyewe ilikuwa zawadi, mfanyabiashara A.M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906. Swali ni lile la kila siku, kama hakuna kulazimishwa kulipa ushuru, barabara nani atajenga? Mimi huuliza, huko kwenu soja wa gate analipwa na nani? Taka inabebwa na nani? Wanajua, ni wao wanachanga kila mwezi.

Lakini swali lenye lilinishika ni la shosho mmoja Kawangware. Aliniambia, mwanangu, harambee ya bili ya hospitali inafaulu ya mtu mwenye jamaa wengi, na yule hana mtu? Sikumdanganya ati nina jibu lote. Tangu hapo kila chama, yaani kikundi cha kuchanga pesa, tunakaa nayo nawauliza, nyinyi mnamsaidia mtu ambaye si memba? Wengine hawajawahi kufikiria. Kuna moja ya akina mama Kayole wana kijisanduku cha kando, kila mkutano anayetaka anaweka, na pesa inaenda kwa jirani asiye na mtu, bila kuangalia kabila wala kanisa. Nimeomba wanieleze venye wanaamua nani apewe, na mwezi ujao mwekahazina wao anakuja na sisi hadi Kawangware aongee na shosho mwenyewe.