Siku Baba Alipopanda Kona ya Brooklands

Juzi tukiingia barabara kuu, binti yangu akauliza, "Mama, mbona hapa barabara imelala upande?" Nikamwambia kona huinuliwa upande wa nje ili gari lisichomoke. Akaridhika. Mimi nikabaki namuwaza baba.

Alikuwa amekuja Uingereza kunitembelea, nikampeleka Brooklands, uwanja wa zamani wa mashindano ya magari, kuona magari ya kale. Tulipofika chini ya kona yake iliyoinuliwa, baba alinyamaza. Ukuta wa zege ulipanda karibu mita 9, mweusi kwa uzee, majani yameota kwenye nyufa. Akashika kofia mkono mmoja, akaanza kuupanda.

"Baba, utateleza!"

"Niache kidogo, mwanangu."

Alifika kama nusu, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya kiungo cha zege polepole, kama alivyozoea kupapasa bawa la ndege kutafuta ufa. "Lami isingeshika hapa," akasema. "Ingeshuka yote kabla haijakauka."

Nikamsimulia niliyoyajua. Hugh Locke King aliujenga uwanja huu kwenye ardhi yake, ukafunguliwa mwaka 1907. Hapa Percy Lambert alikuwa mtu wa kwanza kuendesha zaidi ya maili 100 ndani ya saa moja, Februari 1913, na hapa hapa akafa mwaka huo huo akijaribu tena. Mwaka 1939 vita ikaja, mashindano yakakoma, viwanda vya ndege vikatawala. Baadaye kipande cha kona ya upande wa Byfleet kikabomolewa ili ndege zipate njia ya kurukia.

"Ndege gani?" akauliza.

"VC10, ile ndege ya abiria, kwa mfano."

Akageuka, akanitazama. Miaka yake ya ufundi wa ndege pale Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, aliimaliza akihudumia ndege za Super VC10. Hakujua zilizaliwa hapa. Nikamwonyesha ile ya Sultan Qaboos wa Oman, imehifadhiwa pale pale, naye akaizunguka akiita kila sehemu ya injini kwa jina.

Tukirudi nikamwambia naumia kuona uwanja ule ulivyokatwakatwa.

"Wangeuacha mzima," akasema, "mimi ningewasomesha ninyi kwa kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Na bado naumia.