Nilivyojifunza kuishika saratani ya ngozi kabla haijanishika

Mimi ni mwanamke mwenye ualbino, nauza mboga sokoni huku Kilimanjaro. Tangu utotoni nilisikia kansa ya ngozi ikitajwa kama ugonjwa mmoja, unaomjia mtu kama mimi ghafla na kummaliza. Hofu hiyo ilipungua nilipofahamu kwamba ziko aina mbalimbali, na kwamba ile inayotuandama zaidi sisi haiji ghafla hata kidogo. Ina hatua zake, na katika hatua za mwanzo inazuilika kabisa.

Nilikwenda kliniki ya ngozi kwa ajili ya kipele kwenye ukingo wa sikio. Daktari akanipa kioo, nikakisogeza karibu na uso kama tulivyozoea sisi wenye uoni hafifu. Akakichukua. "Dada, hapa kioo hakitakusaidia. Pitisha kidole." Nikapitisha, pakakwaruza kama msasa. Akaupeleka mkono wangu kwenye paji la uso, kisha nyuma ya shingo. Huko nako palikwaruza, na kwa macho nisingepaona.

Yale mabaka hayakuwa saratani bado. Alinieleza kwamba mionzi ya jua huharibu vinasaba vya seli za ngozi, na kwamba melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ndiyo inayowakinga wengine. Sisi tunayo kidogo mno au hatuna. Uharibifu hujilimbikiza mwaka hadi mwaka mpaka seli za tabaka la juu zinaanza kukua ovyo, ngozi inakuwa na magamba. Si kila baka hugeuka. Lakini baadhi yakiachwa huzama chini, hunenepa, hutoka damu, na kuwa kidonda kisichopona. Hiyo ndiyo saratani ya seli bapa, inayoongoza kwa Waafrika wenye ualbino, hasa kichwani, usoni, masikioni na shingoni. Ikicheleweshwa hufika kwenye tezi za limfu.

Aina ya pili huanzia kwenye seli za chini kabisa za ngozi ya nje. Mara nyingi huonekana kama kipele kinachong'aa, hukua polepole na ni nadra kusambaa mbali, ila hula nyama ya pua au kope taratibu. Ya tatu ni melanoma, kali kuliko hizo, inayotokana na seli zinazotengeneza rangi. Kwetu ni nadra. Kwa watu weusi wasio na ualbino hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kaka zangu walipolisikia hilo walivua viatu palepale wakakagua nyayo zao.

Mabaka yangu yaligandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Inapulizwa, inatoka moshi mweupe, panauma kwa muda mfupi, halafu lengelenge, halafu ganda linadondoka lenyewe. Kile cha sikioni kilikuwa kinene, kikakatwa kinyama kupelekwa maabara. Jibu likarudi: hakijavuka kuwa saratani. Nacho kikaondolewa.

Siku hizi najipapasa kila mwezi, na mgongo ananikagulia dada yangu. Napaka Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yetu, na narudia kupaka mchana, hata kukiwa na mawingu. Kapelo niliacha kuvaa kwa sababu inaacha masikio wazi. Navaa kofia pana pande zote. Meza yangu nimeihamishia chini ya mwembe. Wateja wamenifuata.

Sokoni kuna mzee mmoja mweusi kabisa, mwenye kovu la moto mguuni tangu ujana wake. Kovu lilikuwa likifunguka na kufunga kwa miaka, mwisho likaota kinundu chenye harufu. Nikamwambia, "Baba, twende nikusindikize, hiki si kidonda cha kupaka dawa tu." Maabara walikuta saratani ya seli bapa, ileile yetu, ila kwake haikuletwa na jua, iliota kwenye kovu lililokaa muda mrefu bila kupona. Alifanyiwa upasuaji, wakapandikiza ngozi kutoka pajani. Sasa anatembelea fimbo, na bado tunakwenda naye kliniki anapoitwa kuangaliwa tezi za kinena.