Nilivyompanga gayogayo kwenye mti wa nasaba

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni huu: "Mti ukiyumba, ongeza jeni." Niliupata maabara zaidi ya moja hapa Nairobi, na kwa gayogayo, samaki bapa wenye macho yote mawili upande mmoja, ni ushauri wa kupotoshana.

Kupata nyama si kazi. Samaki wa Pwani hufika City Market kwenye barafu, na bei ya mmoja haikutishi. Pesa huenda kwenye kusomesha DNA. Mpige picha kwanza, macho yaonekane yako upande gani. Kata msuli wa ndani, miligramu 25 hivi, utie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwenda juu. Formalini achana nayo, huiunganisha DNA na protini na kuikatakata. Lebo iwe ya penseli, maana ethanoli hula wino.

COI, jeni ya mitokondria, ilitoka vizuri, besi kama 655. Kabla ya kupanga mifuatano, itafsiri iwe protini kwa msimbo wa mitokondria ya wanyama wenye uti wa mgongo. Kwa msimbo wa kawaida TGA husomeka kama kikomo, nawe utatupa data nzima ukidhani umenasa nakala mfu ya jeni.

Kasheshe ni Psettodes erumei. Huyu ni gayogayo mwenye meno makali, miiba mbele ya pezi la mgongoni, na jicho lililohama likaishia karibu na utosi. Kwenye mti alikuwa akiwatoroka wenzake na kwenda kukaa na kolekole, mzia na nduaro. Nikaongeza jeni za kiini cha seli, RAG1 na nyinginezo, kutoka GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya DNA. Akatoroka vilevile, safari hii kwa alama ya uhakika ya 100, ya juu kabisa! Wakubwa wakafurahi: 100 ni 100.

Mimi nikahesabu GC, yaani sehemu ya besi ambazo ni G au C. Kodoni, besi tatu zinazotaja asidi amino moja, ina nafasi tatu, na ya tatu hubadilika ovyo kwa sababu mara nyingi haigeuzi protini. Hapo GC ilipishana sana kati ya spishi, ilhali modeli za kawaida huchukulia kwamba mizani ya besi ni ileile kwenye matawi yote. Wanaofanana GC hurundikwa pamoja hata kama si ndugu, na kila jeni yenye upogo huohuo huongeza uhakika wa uongo. Betancur-R na wenzake walilionyesha tatizo hili mwaka 2013; mwaka 2021 jenomu nzima zikaufufua ubishi uleule wa kama Psettodes ni ndugu wa gayogayo wengine. Wingi wa data haukuumaliza.

IQ-TREE, programu ya kujenga miti ya nasaba, hupima mizani hiyo yenyewe mwanzoni na kuandika "failed" mbele ya spishi iliyoshindwa, mistari ambayo watu huiruka. Ipime nafasi ya tatu peke yake, maana ikichanganywa na nyingine hujificha.

Dawa: nafasi ya tatu iandike upya, A na G ziwe 0, C na T ziwe 1. Kila kundi lina besi moja ya upande wa GC, kwa hiyo wingi wa GC hauna pa kusemea. Usiandike R na Y. Programu itazisoma kama besi zenye shaka. Tenga faili hiyo, ipe modeli ya alama mbili (0 na 1), GTR2, na nafasi mbili za kwanza zibaki DNA. Psettodes alirudi kwenye shina la gayogayo, kwa alama za chini kidogo, nami naziamini zaidi ya ile 100.

Na usiweke tilapia peke yake kama spishi ya nje ya kundi, ya kulinganishia, eti kwa sababu anapatikana kila kona. Bila kolekole, mzia na nduaro hujapima chochote: gayogayo wote watakusanyika pamoja kwa kukosa pa kwenda.