Siku moja maishani mwangu: mtaani naitwa fundi wa ushuzi

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba we iache tu. Chai, maandazi mawili, bajaji mpaka Kabwe. Jirani kashanisalimia kama kawaida yake, "Fundi wa ushuzi, leo unanusa wapi?" Nishazoea.

Mi ni fundi sanifu wa maabara chuoni, tunajaribu sensa za gesi, vidude vya kunusa gesi saizi ya kifungo cha koti, tuone zinafanyaje kwenye hewa kama ya sayari ya Mars. Haziendi huko jamani, hakuna roketi Mbeya. Wamarekani wana gari lao Curiosity liko kule toka 2012, mtambo wake wa kuchambua gesi peke yake una kilo kama 40, ndo maana vidogo vinatafutwa.

Saa 2 nakuta sensa zimepashwa moto toka jana, zinataka saa 24 ndo uamini namba zake. Mstari wa namba kwenye skrini umetulia kabisa.

Saa 3 nataka kufunika chombo cha kioo zinamokaa sensa, mstari unapanda. Nakagua waya, sawa. Nabadilisha sensa, inapanda. Nashuka kwa mama ntilie nikijua ni mtungi wake, ananiambia, "Mwanangu, mi leo napikia mkaa." Napanda tena, natoa koti labda nina manukato, nazunguka na sensa mkononi waya unaburuta kama mbwa wa polisi, saa 5, saa 6, njaa inauma, mpaka mlango wa stoo namba zinaruka. Dada wa stoo kakaa anafuta rangi za kucha, kichupa cha asetoni wazi.

"Kaka, ilikuwa imebanduka, nina kikao saa 8."

Utamgombeza nini. Hata Curiosity ilibeba hewa ya Florida ndani ya kipimo chake, wakahangaika kutofautisha gesi ya methani ya nyumbani na ya Mars. Mwaka 2019 ikasoma sehemu 21 kwa bilioni, na chombo cha Ulaya kinachozunguka juu hakioni kitu, mpaka leo wanabishana.

Mchana sijui saa ngapi nawasha pampu, ni ileile ya mafundi friji msicheke, navuta hewa, naingiza kaboni dayoksaidi mpaka milibari 6, presha ndogo kama ya Mars. Hapo hita, kile kipasha moto cha ndani ya sensa, inazidi kuwa moto maana hewa ya kuipoza hamna, so unapunguza volti taratibu umebana pumzi. Na sensa hizi zinaishi kwa oksijeni inayonata juu ya oksaidi ya bati, sasa oksijeni yenyewe imetoka, kwa hiyo naiingizia sensa methani kidogo halafu inajifanya haijaona. Nasubiri. Mstari ukaanza kusogea, kidogo sana, nikaita watu waje waone.

Umeme ukakatika.

Uliporudi giza lishaingia. Nimewasha tena, saa 24 zinaanza upya, na mlango wa stoo nimebandika karatasi: KUCHA NJE.