Karatasi Iliyoandikwa Kolo

Jumamosi moja ya Aprili 2013 tulikutana watu saba katika ua wa mwalimu mwenzetu wa Hisabati, mtaa wa Kikuyu mjini Dodoma, ili tuamue mahali pa kwenda katika safari yetu ya kwanza ya pamoja. Tulikuwa tukichanga shilingi 15,000 kila mwezi tangu Julai ya mwaka uliotangulia, na kwa hesabu ya mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyekuwa mhazini wetu, ilipofika mwisho wa Juni kila mmoja angekuwa ametoa 180,000 na mfuko mzima ungefikia 1,260,000. Mikeka ilitandikwa chini ya mwarobaini, katikati likawekwa sinia la karanga mbichi zilizochemshwa na maganda yake, pamoja na mahindi ya kuchoma, kwa kuwa huo ndio msimu ambao mashamba ya Dodoma huanza kuwalipa wenyewe. Kwa miezi yote ile tuliamini kwamba kazi ngumu ilikuwa kupata fedha, na kwamba fedha zikishapatikana mahali pangejichagua.

Haikuwa hivyo. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa wa kwanza kusema, na alisema Unguja kwa namna ya mtu aliyekuwa amelibeba neno hilo kwa muda mrefu. Alitukumbusha kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, jambo ambalo alikuwa akiwafundisha wanafunzi kwa miaka tisa, lakini yeye mwenyewe hajapata kukaa kwenye baraza la Mji Mkongwe akawasikia watu wazima wa pale wakizungumza mambo yao ya kila siku. Mwalimu wa Uraia alimuunga mkono kwa sababu nyingine kabisa: alizaliwa Mpwapwa, akasomea Dodoma na Morogoro, na akiwa na umri wa miaka 34 alikuwa hajaiona bahari. Alilisema hilo huku akiinamia karanga alizokuwa akizimenya, na hakuna aliyeongeza neno.

Mwalimu wa Jiografia alitaka Ngorongoro. Kila mwaka alichora kreta ile ubaoni, akaandika kwamba kina chake ni takriban mita 600 na upana wake karibu kilomita 20, kisha akafuta ubao. “Mwanafunzi anaandika mita 600, na mimi naandika mita 600,” alisema, “lakini kati yetu hakuna ajuaye mita 600 ni kitu gani kwa mtu aliyesimama ukingoni.” Mwalimu wa Biolojia alitaka Mikumi, akieleza kwamba barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa inapita ndani ya hifadhi yenyewe, hivyo hata msafiri wa kawaida huwaona twiga na nyumbu akiwa dirishani mwa basi, na kwamba kwa mfuko kama wetu hilo halikuwa jambo la kudharau.

Nilipowasikiliza niligundua kwamba karibu kila mmoja alikuwa akidaiwa na ubao wake, kwa maana ya kwamba alitaka kwenda kukiona kile ambacho kwa miaka mingi alikuwa akikisimulia kwa maneno ya vitabu. Nami nilikuwa na deni la namna hiyo hiyo. Nilikuwa nafundisha Historia, na kila mwaka, katika Kidato cha Kwanza, nilifika mahali pa kueleza michoro ya miambani ya Kondoa kama ushahidi wa maisha ya watu wa kale wasioacha maandishi. Mwezi Machi wa mwaka huo mwanafunzi mmoja wa kike alisimama akaniuliza, kwa adabu kamili, “Mwalimu, wewe ulishawahi kuiona?” Nilimjibu kwamba sijawahi. Alishukuru akaketi, na jambo lililoniumiza ni kwamba hakuonyesha kushangaa, kana kwamba alikwisha kuzoea kuwa mambo ya darasani hayana mahali pake duniani.

Pamoja na hayo yote, jioni ile sikuitaja Kondoa. Nilikuwa na sababu ambayo leo naweza kuieleza waziwazi, maana naamini inawafunga watu wengi wanapochagua safari. Kondoa ilikuwa ndani ya mkoa wetu. Mtu wa Dodoma akiaga kwamba anasafiri, majirani hutarajia kusikia kwamba anavuka mpaka wa mkoa, anapanda boti, au angalau anarudi na kitu kisichopatikana katika Soko la Majengo. Niliogopa kwamba nikiwaomba wenzangu watoe jasho la mwaka mzima kwenda mahali ambapo malori ya mbuzi huenda na kurudi kila siku, nitaonekana nimewapunja. Ndiyo maana mhazini alipokata karatasi saba ndogo kutoka katika daftari lake na kutuomba tupige kura ya siri, niliandika Unguja, nikaikunja karatasi yangu na kuitia katika kawa.

Matokeo yalisomwa kwa sauti. Unguja ilipata kura tatu, Ngorongoro mbili, Mikumi moja, na karatasi ya mwisho iliandikwa neno moja kwa herufi kubwa zilizolala upande: KOLO. Wenzangu wote walinigeukia mimi, kwa kuwa Kolo ndicho kijiji cha Kondoa kilicho karibu na michoro ile na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Historia. Nililazimika kusema kwamba karatasi hiyo haikuwa yangu.

Hakuna aliyejitokeza, na mhazini, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, hakutaka kumlazimisha mwenye kura ya siri ajitaje. Aliendelea na hesabu. Alionyesha kwamba Unguja ingetutaka siku nzima ndani ya basi hadi Dar es Salaam, kulala huko, nauli ya boti asubuhi, na mzunguko huo huo wakati wa kurudi, kiasi kwamba katika siku tano tulizokubaliana tungebakiwa na mbili tu za kukaa na kutazama, na fedha zingetuishia kabla ya siku hizo mbili kwisha. Ngorongoro, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameipigia kura ya pili, aliiondoa kwa mkono wake: kukodi gari lenye kuweza kushuka bondeni kulizidi uwezo wetu hata kabla ya kuhesabu viingilio. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu nimewaona watu wenye kushika daftari wakipindisha tarakimu ili mahali wapapendapo paonekane pa bei nafuu.

Mwalimu wa Jiografia hakukubali haraka. Alisema kwamba kulikuwa na njia ya kufika Arusha bila kuzunguka Chalinze, yaani kupanda moja kwa moja kaskazini kupitia Kondoa na Babati kwa ile barabara ya kale iliyokusudiwa kuiunganisha Afrika ya kusini na Misri. Ni kweli kwamba wakati ule ilikuwa bado haijakamilika kuwekwa lami, lakini ilipitika wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo Mzee aliposema. Tulimwita Mzee sote, kwa kuwa alikuwa fundi wa maabara ya shule tangu kabla ya wengi wetu kuhitimu, na alibakiza mwaka mmoja kustaafu. Jioni yote alikuwa amekaa kwenye kigoda kidogo nje ya mkeka, kwa sababu ya magoti yake, akila mahindi taratibu bila kuchangia.

“Barabara hiyo naijua,” alisema. “Miaka ya sabini nilikuwa utingo. Tulikuwa tunatoa mzigo hapa kwenda Arusha, na pale Kolo dereva alikuwa anapenda kupunguza mwendo, ananionyesha mlimani, ananiambia, kijana, kule juu kuna watu wamechorwa na mababu wa mababu. Nilipita pale mara nyingi, wanangu. Sikushuka hata mara moja. Gari si lako, mzigo si wako, utashukaje?”

Kisha akaongeza kwamba ile karatasi ilikuwa ya kwake, na kwamba haikuwa lazima, maana yeye angekwenda popote ambapo tungekwenda.

Nilipomsikia niliona haya ya kweli, kwa sababu mtu ambaye hakuwa na somo la kufundisha alikuwa amethubutu kuandika kile nilichokihofia. Niliomba nafasi ya kusema, nikaungama kwanza kwamba nilikuwa nimeandika Unguja kinyume cha moyo wangu. Halafu nikawaeleza niliyoyajua. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, miaka sita tu baada ya Mji Mkongwe wenyewe, hivyo yeyote aliyetaka kwenda mahali penye jina hakuwa akipoteza kitu. Eneo lililoorodheshwa ni la kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro, mmoja baada ya mwingine. Kutoka Dodoma hadi Kolo ni yapata kilomita 180, na tungeweza kulala Kondoa mjini. Mwisho niliwasimulia swali la yule mwanafunzi na jinsi alivyoketi.

Sidhani kwamba tarakimu zangu ndizo zilizowageuza. Nimefikiri sana juu ya dakika zile, na naona kwamba hadi hapo kila mmoja wetu alikuwa akilitetea jina la mahali, na majina yote yalikuwa mazuri, ndiyo maana hakuna lililoweza kulishinda jingine ila kwa hesabu ya fedha. Mzee alikuwa ametupa kitu cha aina nyingine, mtu tunayemfahamu akiwa juu ya lori, akipita. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kuitaja Mikumi, ingawa mwalimu wa Biolojia aliitaja mara moja zaidi, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Niliyemhofia zaidi alikuwa mwalimu wa Uraia, kwa kuwa bahari yake ilikuwa ikiahirishwa. Mwalimu wa Kiswahili ndiye aliyemgeukia akamwuliza, “Dada, tukibakiza fedha tukaziweka kwa ajili ya pwani mwakani, utaturidhia?” Alinyamaza kidogo, akajibu kwamba ataridhia ikiwa hilo litaandikwa katika daftari pamoja na tarehe. Mhazini aliandika papo hapo, na mwalimu wa Uraia akaomba alisome kwanza kabla ya kulifunga. Tukapanga kuondoka wiki ya pili ya Juni, shule zikiwa zimefungwa, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi likiwa halijawa kali.

Safari yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache. Tulifika Kondoa alasiri tukiwa wekundu kwa udongo, tukalala katika nyumba ya wageni karibu na stendi, na alfajiri tukapanda basi dogo hadi Kolo, ambako tulijiandikisha katika ofisi ya Mambo ya Kale na kupewa mwongoza wageni. Njia ya kupanda ilikuwa ya mawe na miiba. Mzee alipanda kwa fimbo, akipumzika kila baada ya hatua kadhaa, na sisi tukaenda kwa mwendo wake. Ukutani mwa jabali tuliwakuta watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wakiwa na vichwa vikubwa mithili ya waliovaa vilemba, na kando yao wanyama niliowatambua na wengine nisiowatambua. Mwongoza wageni alituambia kwamba wenyeji bado huja kwenye baadhi ya mapango hayo kuomba mvua na uponyaji, na ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikifundisha mahali hapo kana kwamba watu wake wote walikwisha kufa.

Mzee aliitazama michoro kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akamwuliza mwongoza wageni barabara iko upande gani. Alionyeshwa kwa kidole mstari mwekundu uliopita chini kati ya vichaka, na lori moja lilikuwa likitimua vumbi kuelekea Babati. Aliegemea fimbo yake akalifuatia kwa macho hadi likapotea nyuma ya kilima.

Wakati wa kurudi, tukiwa tumeipita Chemba, mhazini alifungua daftari juu ya mapaja yake akatuomba tuanze kufikiria miaka itakayofuata baada ya pwani. Mwalimu wa Uraia akasema kwamba safari hii tusikate karatasi. Kila mtu ataje mahali kwa sauti na aseme ni nini kinachompeleka huko. Mhazini aliandika majina yetu saba upande wa kushoto wa ukurasa, akaacha nafasi pana mbele ya kila jina, na akaanza na mwalimu wa Jiografia, ambaye alirudia kusema Ngorongoro na kutoa sababu ile ile ya mita 600. Alipofika kwa Mzee, alikuta amelala, kofia ikiwa imemfunika macho, na akaacha nafasi yake wazi.